Chembe za damu ndani ya ini si saratani ya pili

Pole sana dada. Unauliza kama mwanao ana saratani mbili, kwa vile majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye ini kupimwa (biopsi) yameandika hepatoblastoma, yaani saratani ya ini ya watoto wadogo, pamoja na damu kutengenezwa nje ya uboho wa mifupa. Hapana, hilo peke yake si saratani ya damu. Mtoto akiwa tumboni, ini hutengeneza damu. Uvimbe huu hufanana na ini changa, ndiyo maana chembe changa za damu huonekana humo mara nyingi tu. Hata chembe sahani (zile za kugandisha damu) zikiwa juu kwenye FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, usishtuke. Kinachotibiwa ni uvimbe, kwa kawaida kwa kemo (dawa za saratani) na upasuaji. Muulize daktari AFP, protini ya kwenye damu inayopanda kwa uvimbe huu, ni ngapi, na kama mapafu yamepigwa picha ya CT. Mitishamba iache kwanza, tafadhali.