Fundi wa Paa Aanzie Darini

Masika yanakaribia na barua za mwezi huu karibu zote ni za mapaa. Tumezijibu zile zenye mambo yanayowagusa wasomaji wengi. Kila mwenye nyumba ya bati asome jibu la kwanza, hata kama paa lake halijavuja.

*Assalamu alaykum. Nyumba yetu ipo Fuoni, vyumba vitatu, bati la miaka kumi na mbili. Kila ikinyesha mvua kubwa, kona ya dari ya chumba cha watoto inaroa. Mafundi watatu wameshapanda, kila mmoja kapaka lami kakenda zake, na bado panavuja. Sasa nataka nimlete mtu alikague paa zima. Nitamjuaje kuwa anaijua kazi?*
Mama wa watoto wanne, Fuoni

Waalaykum salaam, Bi. Mtazame anaanzia wapi. Akiweka ngazi na kupanda juu moja kwa moja, atakufanyia kama wale watatu. Anayejua kukagua huomba kwanza aingie darini.

Sababu ni mwendo wa maji. Yakipenya kwenye tundu la msumari hayadondoki papo hapo. Hushika tumbo la bati au ubavu wa papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, yakafuata mteremko hadi yakutane na kizuizi, iwe kiungo cha mbao, ncha ya msumari au waya wa umeme, na hapo ndipo yanapotona. Doa la chumba cha watoto linaweza kuwa na tundu lake mita mbili au tatu juu zaidi, pengine juu ya chumba kingine kabisa. Ndiyo maana lami iliyopakwa juu ya doa haikusaidia.

Darini aingie saa sita au saa saba mchana, siku ya jua, kisha azime tochi na atulie dakika tano macho yazoee giza. Kila tundu litajionyesha kwa nukta ya mwanga. Apime umbali wa kila nukta kutoka kuta mbili na kuandika, ili akipanda juu aende penyewe bila kubahatisha. Halafu awashe tochi, atafute michirizi myeusi kwenye papi na kwenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba papi, aifuate kuelekea juu. Mbao yenye doa aichome kwa bisibisi: mbao nzima hukataa, iliyooza humeza ncha. Njia za udongo wa mchwa azifuate hadi ukutani, kwa sababu mchwa hupanda kutoka chini na dawa ya darini peke yake haiwamalizi.

Baada ya hapo ndipo apande. Ngazi ipite ukingo wa paa kwa mita 1, na kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Avae viatu vya soli ya mpira, ajifunge kamba, na akanyage kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake kuna papi. Anayetembea katikati ya bati hulikunja, na mkunjo huo ni uvujaji wa mwaka unaofuata.

Kwenye bati la mawimbi, haya ndiyo ya kukaguliwa juu. Misumari iwe imepigwa kwenye mgongo wa wimbi. Iliyopigwa bondeni imo njiani mwa maji. Raba za skrubu akizibonyeza kwa ukucha zirudi. Zilizokauka na kupasuka hazizuii kitu. Pale bati la juu linapolalia la chini, mlalio uwe sentimita 15, na paa likiwa bapa uwe 20 au zaidi. Ubavuni, bati lilalie jirani yake kwa wimbi moja na nusu. Tena mdomo wa mlalio huo uangalie magharibi, kwani pepo za kaskazi na kusi zote hututokea upande wa mashariki. Fundi aliyeanza kuezeka kutoka mashariki ameacha kila mdomo ukiukabili upepo, na mvua ya kusi huingia humo bila kuhitaji tundu lolote.

Mwisho ni jaribio la maji. Mtu mmoja abaki darini na tochi, mwingine juu na mpira wa maji. Waanze chini kabisa ya paa, wamwagie sehemu moja dakika 10 hadi 15, ndipo wapande hatua nyingine. Wakianzia kwenye kofia ya paa, maji yatateremka kila mahali na hawatajua ni kiungo kipi kilichopitisha. Kazi hii haiharakishwi, na nyumba ya vyumba vitatu haikaguliwi kwa nusu saa.

Na ile lami, Bi, iondolewe. Bati la mita 3 likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua kali la mchana hurefuka zaidi ya milimita 1, na usiku likarudi. Lami iliyokauka haiwezi kucheza nalo kila siku. Hupasuka, maji yakakaa chini yake, na kutu ikala bati bila kuonekana.

Patana naye ujira wa ukaguzi peke yake, kando na ujira wa kutengeneza, na akuachie karatasi: mchoro wa paa wenye alama, picha za kila kasoro, na orodha inayosema lipi la kufanywa kabla ya masika, lipi linaweza kungoja hadi kabla ya vuli, na lipi la kutazamwa tu. Ukaguzi wa bure mara nyingi hulipwa ndani ya bei ya bati jipya ambalo pengine hukulihitaji.

*Nina nyumba ya wageni Jambiani, hatua chache kutoka pwani. Bati limeshika kutu mapema mno, na ajabu ni kwamba limeanza chini ya ukingo, mahali pasipopata mvua. Muuzaji anasema ningenunua geji 30 badala ya 28. Ni kweli?*
Mwenye nyumba, Jambiani

Kwenye geji, namba ikizidi bati linakuwa jembamba zaidi. Geji 30 ni jembamba kuliko 28, kwa hiyo ushauri huo umekwenda kinyume. Hata hivyo unene si tatizo lako. Kinacholinda chuma ni zinki iliyopakwa juu yake, na pwani adui wa zinki ni chumvi. Juu ya paa mvua huisuuza. Chini ya ukingo chumvi hutua, haioshwi, na kila usiku huvuta unyevu. Ndiyo maana kutu imeanzia pasiporoa.

Mkaguzi atofautishe rangi mbili. Unga mweupe maana yake zinki inaliwa lakini chuma bado kizima. Hapo bati huokolewa kwa kuoshwa, kukaushwa na kupakwa rangi ya msingi ya chuma kisha rangi ya juu. Wekundu maana yake chuma chenyewe kimeanza kwenda. Achome kwa bisibisi: likihimili, lisuguliwe kwa brashi ya waya hadi ling'ae ndipo lipakwe, likitoboka, libadilishwe. Rangi iliyopakwa juu ya kutu hubanduka pamoja nayo.

Atazame pia sehemu zilizokatwa. Cheche za mashine ya kukatia huunguza zinki na kutawanya chembe za chuma zinazoota kutu juu ya bati jipya. Mkasi wa bati ni bora. Saruji mbichi au chokaa iliyogusa bati hulila. Na kwa kuwa una wageni, bila shaka una viyoyozi: maji yanayodondoka kutoka kwenye mabomba ya shaba yasipite juu ya bati, maana shaba kidogo tu iliyomo humaliza zinki. Yapelekwe chini kwa bomba la plastiki.

Baada ya hapo, osha tumbo la ukingo kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila miezi mitatu, na mara nyingi zaidi wakati wa kusi. Ukibadilisha bati zima, fikiria alumini, nayo ifungwe kwa skrubu zisizoshika kutu. Alumini iliyofungwa kwa misumari ya kawaida karibu na bahari huliwa ikizunguka kila msumari.

*Kwetu Wete paa linatona alfajiri hata kama hakukunyesha. Bati ni jipya na halina dari.*
Kijana, Wete

Paa lako halivuji. Usiku bati hupoa kuliko hewa ya ndani, na mvuke wa jiko, wa nguo mbichi na wa pumzi za watu hugeuka maji kwenye tumbo lake. Pitisha kiganja chini ya bati saa kumi na moja alfajiri: kama limeroa lote sawasawa, ni mvuke; kama ni mstari mmoja, tafuta tundu. Dawa yake ni njia ya hewa. Fungua matundu juu kwenye kuta mbili zinazotazamana, uyazibe kwa wavu wa mbu, na mvuke wa jiko utolewe nje. Dari baadaye itasaidia, ila usiifunge kabla hewa haijapata njia, la sivyo mbao zitaozea gizani.

*Nyumba ya marehemu babu yetu ipo Mji Mkongwe. Paa ni bapa, la boriti, mawe na chokaa, na linavuja. Fundi anataka kumwaga zege la sentimita 10 juu yake. Ndugu wamekubali, mimi nasita.*
Mjukuu, Mji Mkongwe

Endelea kusita, na uwazuie. Zege la sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 kitaongezewa zaidi ya tani 4, juu ya boriti za mikoko ambazo hazijapimwa. Zaidi ya hayo, chokaa hupumua: hunywa unyevu na kuutoa. Saruji juu yake huufungia ndani, na unyevu hukimbilia kwenye ncha za boriti zilizomo ukutani, mahali ambapo jicho halifiki.

Hapa usitosheke na fundi. Mlete mhandisi aliyezoea majengo ya mawe na chokaa. Aanzie chumba cha chini. Achome kila boriti pale inapoingia ukutani. Avute uzi chini ya dari kutoka ukuta hadi ukuta, aone boriti zipi zimelegea katikati. Unga mpya wa mbao sakafuni ni dalili ya wadudu walio kazini, na mlango uliokuwa ukifungika sasa unakwama ni dalili ya uzito uliohama. Akiona hatari, boriti zitegemezwe kwa nguzo kwanza, na watu walale chumba kingine siku hiyo hiyo. Asikubali mtu azibe mifereji na kulijaza paa maji ili kulijaribu: maji ya sentimita 5 ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba.

Mara nyingi chanzo ni kidogo: mfereji wa kutolea maji umeziba majani, au chokaa ya juu imepasuka. Izibuliwe, na nyufa zirudishiwe chokaa. Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo kabla ya kubadilisha paa pata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Peleka na ripoti ya mhandisi. Itakusaidia huko, na itakusaidia mbele ya ndugu pia.

*Visiwa vyetu havina vimbunga. Kuna haja gani ya kufunga kenchi kwa mikanda ya chuma?*
Mzee wa Micheweni

Shikamoo mzee. Ni nadra, lakini vipo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kuangusha minazi bila hesabu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, si mbali nasi. Na hata upepo wa kawaida wa mvua unatosha kuling'oa paa lisilofungwa.

Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, kwa nguvu zaidi kwenye kingo, pembe na kofia. Msumari laini uliopigwa wima huchomoka kama ulivyoingia. Mkaguzi afuate mnyororo wote: bati kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye mtambaapanya (mbao iliyolala juu ya ukuta), mtambaapanya kwenye lenta (mhimili wa zege juu ya kuta). Kiungo kimoja kikiwa msumari mtupu, nguvu ya paa zima ni ya msumari huo. Mikanda ya chuma izungushwe juu ya kenchi na ishikwe pande zote mbili. Kwenye papi mbili za kwanza kutoka ukingoni, skrubu iwe kila wimbi. Katikati ya paa, kila wimbi la pili au la tatu linatosha. Ukingo unaotoka nje zaidi ya sentimita 60 uwekewe mihimili ya kuushikilia kutoka chini.

*Nyumba ya zamani tuliyonunua Chake Chake ina bati za kijivu ngumu kama saruji, zimeota ukungu. Tunataka kuzisugua tuvune maji ya mvua.*
Mume na mke, Chake Chake

Msizisugue. Bati za namna hiyo za zamani huenda zina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huweza kusababisha saratani baada ya miaka mingi. Msizitoboe, msizikate, msizioshe kwa maji ya kasi, wala mtu asizikanyage, kwa sababu huvunjika ghafla chini ya mguu. Mkaguzi azitazame kutoka kwenye ngazi na kutoka ndani tu. Zikiwa nzima, ziacheni zilivyo hadi mpate uwezo wa kuziondoa. Siku hiyo ziloweshwe maji kwanza, zifunguliwe zikiwa nzima nzima, zifungwe ndani ya nailoni nene, na watoto wasiwepo uwanjani. Tangi la mvua lingoje paa jipya.