Mama mdogo aliyenitesa analetwa kwangu, na mwili wangu umekataa

Dada, shikamoo. Nina miaka 37, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Morogoro. Mama alifariki nikiwa na miaka minane, mama mdogo akanichukua. Alinipiga kwa waya wa pasi, nililala na njaa, na kila nilipokosea aliniambia ndiyo maana mama yangu alikufa. Nilitoka pale nikiwa na miaka 17. Sasa nina presha, tumbo linawaka ingawa kipimo cha kamera hakikuona vidonda, na silali taa ikizimwa. Nikiwa jikoni nikasikia komeo la geti, nafunga bomba la maji nisikilize nani ameingia. Nesi aliniambia niache mawazo. Mwezi uliopita nilimnyanyulia mkanda mwanangu wa miaka minane, nikaona macho yake, nikaenda kujifungia chooni nikalia. Juzi kikao cha ndugu kimeamua mama mdogo, ambaye amepooza upande mmoja, aletwe kwangu kwa kuwa ndiye aliyenilea. Mume wangu hajui lolote. Je, mambo ya zamani hivyo yanaweza kuniumiza leo, au najiendekeza? Na nikimkataa, sitapata laana? Mama Wawili.

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye bomba la maji. Hujiendekezi hata kidogo. Ulipokuwa mtoto ulijifunza kuzitambua hatua za mtu kabla hajafika mlangoni, kwa sababu ukiwahi kuzisikia unapata nafasi ya kujificha. Mwili wako uliifanya kazi hiyo miaka tisa mfululizo, na hakuna aliyekuja kuuambia kwamba zamu imekwisha.

Nikueleze inavyokwenda. Mbwa mkali akikukurupusha njiani, ubongo unatuma taarifa kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kuuamsha mwili. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, sukari inaingia kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia, na tumbo linasimamishwa kazi maana saa hiyo si ya kusaga ugali. Mbwa akiondoka, mwili unatulia. Sasa mchukue mtoto ambaye anayemtisha ndiye huyo huyo anayempakulia chakula. Atatulia saa ngapi? Ubongo wake unakua ndani ya hofu na unaizoea, na akiwa mtu mzima mlio wa komeo tu unatosha kuuamsha mwili wote.

Daktari mmoja wa San Diego, Marekani, Vincent Felitti, alilikuta jambo hili akiwa hata halitafuti. Miaka ya 1980 alikuwa na kliniki ya kusaidia watu kupunguza uzito, akashangaa kuona waliokuwa wakipungua vizuri wanaacha kuja. Alipokaa nao na kuwauliza habari za maisha yao, wengi wakamweleza kwamba walidhalilishwa kingono utotoni. Baadaye yeye na mwenzake Robert Anda waliwahoji watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu utoto wao na afya zao, na matokeo yakaanza kuchapishwa mwaka 1998. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso na misukosuko ya nyumbani walikuwa kwenye hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko ambao hawakupitia hata moja. Magonjwa ya moyo, mapafu na ini nayo yaliongezeka kadiri mateso yalivyoongezeka. Wapo waliopitia hayo wakabaki wazima, hasa waliokuwa na mtu mzima mmoja wa kumkimbilia. Kwenye barua yako nimemtafuta mtu huyo, sikumwona.

Najua watakachokuambia kwenye kikao: mbona sote tulipigwa? Ni kweli. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Malaria nayo imetupata karibu sote, na sijasikia mtu akisema kwa hiyo haina madhara. Na kumwambia mtoto aliyefiwa kwamba mama yake alikufa kwa makosa yake, hilo mtu asije akaniambia ni malezi.

Dawa za presha usiache. Presha ina chanzo cha zamani au haina, figo na moyo inaviharibu leo. Ila safari ijayo mwambie daktari maneno haya tu: "Nililelewa kwa kupigwa na kunyimwa chakula, usiku silali, na sauti ndogo inanishtua." Huna haja ya kumsimulia yote. Kisha omba akuelekeze kwa mwanasaikolojia, na akikosekana pale, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Tiba ya mazungumzo kwa walioumizwa ipo na inasaidia. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, washauri wa kawaida wasio madaktari walifundishwa kuitoa kwa watoto waliofiwa na wazazi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yanaonyesha dalili zao zilipungua. Hukuniambia kama huwa unawaza kujidhuru. Kama wazo hilo lipo, usingoje miadi, nenda hospitali leo na mtu wa kukushika mkono.

Wakati huo, komeo likilia, jaribu kuacha maji yatiririke. Weka mikono humo, usikie ubaridi wake, utaje kwa sauti unavyoviona: sufuria, mbuzi ya nazi, jiko, ndoo. Siku za kwanza utaona ni upuuzi. Endelea nalo.

Kuhusu mwanao, mkono wako ulisimama, na usilipite hilo haraka. Amefika umri uleule uliokuwa nao ulipofiwa, na wengi wanaoniandikia huvurugika mtoto anapofika hapo. Mwite, kaa naye chini, umwambie, "Mama alikosea kukutisha." Na huo mkanda uutoe pale ulipotundikwa.

Sasa mama mdogo. Asije kukaa kwako. Nasema hivi nikijua ni mgonjwa, na nikijua kwetu kumkataa aliyekulea ni jambo zito. Lakini kumhudumia mgonjwa ni kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, kuamka akiita usiku. Wewe ambaye bado unasikiliza hatua zake huwezi kuyafanya hayo bila kuumia au bila kumuumiza, na hilo la pili ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu sasa yeye ndiye hawezi kukimbia. Mchangie. Toa fedha ya dawa au ya msichana wa kumwangalia kwa ndugu mwingine, kila mwezi, kwa kiasi unachokimudu. Tafuta ndugu mmoja unayemwamini aseme kwenye kikao, wewe ukiwepo au usiwepo: "Atachangia, ila hawezi kukaa naye nyumba moja, na wakubwa mnajua kwa nini." Kuna watakaoinamisha macho. Waya ule ulisikika nyumba ya pili.

Laana uliyoniuliza, mimi siioni. Mungu unayemwogopa aliuona pia ule waya. Ukitaka kumsamehe, msamehe kwa wakati wako, na hata ukishamsamehe si lazima umpe chumba.

Yote haya, mdogo wangu, yanaanza na mumeo, kwa sababu kikao kitakuja mlangoni kwake kwanza. Usimsimulie miaka tisa kwa usiku mmoja. Watoto wakishalala, mwambie kwa nini taa ya chumbani haizimwi. Akiuliza zaidi, mwambie zaidi, na ukichoka mwambie mtaendelea kesho. Taa iacheni iwake, uniti za LUKU mtanunua.