Modeli inasema umeme utapungua? Ichafue sensa kwanza

Mkuu, umesema modeli yako inaonyesha kwamba ukidhibiti hewa inayopulizwa kwenye matangi ya kusafisha majitaka kwa kufuata kiasi cha amonia, badala ya kushikilia oksijeni kwenye miligramu 2 kwa lita muda wote, umeme wa blowa, mashine ya kupuliza hewa hiyo, unashuka sana, na Ijumaa unampelekea meneja hesabu hiyo. Nakuomba usiipeleke bado. Mimi niliipeleka ya kwangu, sensa (kifaa cha kupima amonia ndani ya tangi) ikanunuliwa, na wiki ya tatu amonia kwenye maji yanayotoka ikawa juu kuliko tulipoanza.

Milinganyo ya bakteria haikuwa na tatizo. Nilitumia ASM1, modeli ya bakteria wanaosafisha majitaka, ile ya mwaka 1987, na mpaka leo naiamini. Tatizo ni kwamba sensa yangu ya kwenye kompyuta ilisoma papo hapo na haikuchafuka kamwe. Ile ya kwenye tangi nilipoivuta, kichwa chote kilikuwa na utando wa kahawia, unateleza kama ute wa bamia. Kabla ya kuufuta skrini ilisoma 1.5. Nilifuta kwa kitambaa, nikairudisha majini, namba ikaanza kupanda taratibu mpaka ikapita 4. Kumbe siku zote hizo kidhibiti kilikuwa kinapunguza hewa kikidhani amonia imekwisha.

Tangu hapo kila wazo nalipitisha kwanza kwenye BSM1, mtambo wa mfano uliotengenezwa kwa ajili ya kulinganisha mbinu za udhibiti. Una matangi matano, mawili hayana hewa na matatu yana hewa, kisha tangi la kutuamisha tope, na majitaka yanaingia wastani wa mita za ujazo 18,446 kwa siku. Unauendesha kwa maji yasiyobadilika mpaka utulie, ndipo unaleta siku 14 za majitaka yanayopanda na kushuka kila robo saa. Alama za kila mbinu zinatoka kwenye siku 7 za mwisho. Kuna faili la kiangazi, la mvua na la dhoruba. Wengi wanaishia la kiangazi, na hapo ndipo kila mbinu inapendeza.

Uzuri wake ni kwamba sensa zina madaraja: kuna za haraka, kuna zinazochelewa, na zote zina kelele, yaani namba zinarukaruka kidogo. Sensa ya naitreti (kile amonia inachogeuzwa na bakteria) kwenye mbinu ya msingi inayokuja na BSM1 inachelewa dakika 10. Weka ucheleweshaji kama huo kwenye amonia yako, kisha ongeza kitu ambacho mfano huo haukupi: usomaji unaoteremka kidogo kila siku mpaka siku ya kusafisha.

Halafu angalia blowa. Mimi nilipochambua saa kwa saa, karibu umeme wote niliodhani nimeokoa ulikuwa wa kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, modeli ikishusha hewa mpaka karibu na sifuri. Blowa yetu haishuki hivyo, na hata ingeweza, tope lingelala chini ya tangi. Nilipoweka kiwango cha chini cha kweli, faida kubwa ikayeyuka. Ilibaki ndogo, ila ya kweli.

Jambo jingine, BSM1 imewekwa nyuzi joto 15. Hapa kwetu pwani majitaka yanakaribia 28. Bakteria wanaokula amonia wanakua haraka zaidi, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inapungua, kwa hiyo usibebe namba zake jinsi zilivyo. Badilisha vigezo, uhakikishe umri wa tope, yaani siku ambazo tope linakaa mtamboni kabla ya kutolewa, uko sawa kwenye mbinu zote mbili, la sivyo unalinganisha matope, si vidhibiti.

Kama baada ya yote hayo mbinu ya amonia bado inashinda, hata kwa kidogo, iombe kwa nguvu zote, na gharama ya mtu wa kufuta sensa kila wiki iwe ndani ya hesabu hiyo hiyo. Ukishaendesha faili la mvua ukiwa na sensa chafu, weka grafu hapa tuione, hasa ile ya usiku.