Reli tunayoikanyaga Muheza

Swali la wiki hii: "Ni kitu gani cha kale ambacho majirani zako hukipita bila kukijua?" Mimi wa Muheza nina jibu lenye urefu wa kilomita kama 23.

Reli ya Tanga kila mtu anaijua. Ilianza kujengwa 1893 na kufika Moshi 1911. Ninayoisema ni tawi lake, reli ndogo iliyotoka Tengeni ikaingia Usambara Mashariki hadi Sigi, chini ya Amani. Wajerumani waliijenga kati ya 1904 na 1910 ili washushe magogo ya msituni. Ilikuwa nyembamba, sentimita 75 baina ya chuma na chuma, na reli kubwa ni mita moja. Kwa hiyo behewa halikuweza kuendelea mpaka bandarini: gogo lilishushwa Tengeni, likapakiwa upya. Gogo la mvule hilo! Migongo ya watu iliipata.

Pale Sigi imebaki nyumba ya mkuu wa stesheni, siku hizi mapokezi ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Wageni huipiga picha, kisha huingia msituni kutafuta vinyonga. Reli yenyewe haipo.

Mimi na mjomba tuliitafuta kwa siku mbili za kiangazi. Yeye alitegemea panga, mimi miguu. Njia ya watu hupanda ghafla na kuteremka ghafla. Treni haiwezi hayo. Kila tulipokuta kijia kinachopanda polepole, hata pumzi haibadiliki, ubavu mmoja umechimbwa na wa pili umejazwa tuta, tulijua tumo. Akina mama hupitisha humo ndizi na iliki kwenda barabarani. Nilimuuliza mmoja mbona njia hii ni laini hivi, akacheka: "Mwanangu, njia ni njia."

Siku ya pili tulikuta taruma la chuma, kile kipande kinacholazwa kukingama chini ya reli, limewekwa juu ya mtaro mbele ya nyumba ya mzee mmoja. Mjomba, aliyekata mkonge ujanani, akasema hilo ni la troli za shamba, tusijisumbue. Hoja nzito, maana mashamba ya mkonge huku yalijaa vijireli. Lakini vya mkonge kwa kawaida ni sentimita 60. Nikaazima futi kwa seremala wa jirani, nikapima palipokaa reli, ndani kwa ndani: 75. Mjomba akapima tena mwenyewe, halafu hakusema neno mpaka tulipopanda bodaboda.

Kabla ya kuondoka nilimwomba mzee anipe lile taruma, nami nimletee ubao mpya wa kuvukia. Akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, ubao mchwa watautafuna kabla ya masika." Kumbe ndiyo sababu ileile iliyowafanya Wajerumani walaze chuma badala ya mti.