Usinunue rafu kabla hujaijua kona

Watu wengi hapa Kisumu wakitaka kupanga nyumba huanza kwa kwenda Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limejaa, wakarudi na rafu au kabati. Mimi nashauri uanze na kona zenyewe. Kila kona ina tabia yake: ipo inayochomwa na joto la mabati, ipo yenye unyevu mwaka mzima, ipo inayogongwa na mlango kila ukifunguliwa. Ukiijua tabia hiyo, utajua kitu gani kikae pale. Nakaa nyumba ya kupanga ya vyumba viwili huku Manyatta, na ndivyo tunavyoishi na watoto bila kukanyagana.

Unyevu ndio wa kutazamwa kwanza, maana tuko karibu na ziwa. Mvua ndefu zikianza, Machi hadi Mei, pitisha kiganja ukutani asubuhi, hasa ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Ukiusikia umelowa, au rangi imeanza kuvimba na kubanduka, hapo si mahali pa nguo, godoro wala vitabu. Weka ndoo, mabeseni na vitu vingine vya plastiki. Hata penye ukuta mkavu, acha nafasi ya vidole vinne nyuma ya kabati ili hewa ipite. Kabati lililobanana na ukuta huota ukungu mgongoni, na utakuja kujua nguo zikishanuka.

Sasa pembe, yaani pale kuta mbili zinapokutana, kwa sababu hapo ndipo nafasi nyingi hupotea. Rafu ya pembetatu yenye tabaka tatu au nne itabeba vyombo vya jikoni mahali ambapo hata stuli haikai vizuri. Shida ni kwamba katika nyumba nyingi kuta hazikutani kwa nyuzi 90 kamili. Ukimpa fundi vipimo vya inchi peke yake, rafu itakuja na mwanya upande mmoja, na mende hawahitaji zaidi ya huo. Fundi wangu wa jua kali aliniambia, “Leta katoni kwanza, mama,” na sasa sipimi pembe kwa njia nyingine. Chukua katoni ngumu, ikate pembetatu, iingize kwenye pembe, kisha ipunguze kidogo kidogo mpaka igusane na kuta zote mbili. Rudia kwa kila kimo ambapo tabaka litakaa, kwa maana ukuta uliopinda chini huenda umenyooka juu. Andika namba kwenye kila katoni na uweke alama upande wa juu, fundi asije akaigeuza. Mwambie atumie mbao za saiprasi zilizokauka, maana mbao mbichi zikikauka nyumbani hujikunja na rafu ikaanza kucheza. Kila upande unaoegemea ukuta ukiwa na inchi 12 hivi inatosha. Ukizidisha, vitu vya nyuma vitasahaulika huko mpaka siku ya kuhama. Tabaka la chini liwe refu kuliko mengine ili sufuria ziingie.

Nyuma ya mlango panafaa kulabu tu: mifuko ya shule, miavuli, na vikapu vya sokoni, ambavyo vimejaa nyumbani tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017. Pima kwanza kitasa kinafika wapi mlango ukiwa wazi.

Juu ya mlango, karibu na mabati, weka vitu unavyovihitaji mara chache na visivyoharibiwa na joto. Mimi nimeweka sufuria kubwa za wageni na za matanga, moja ndani ya nyingine, juu ya ubao wenye braketi za chuma. Dawa na mishumaa zisikae huko. Pakiti nyingi za dawa zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na mchana wa Januari chini ya mabati yasiyo na dari joto hupita hapo.

Chini ya kitanda, hakuna kinachoshinda lile sanduku la bati la shule ya bweni. Panya hawalitoboi, na lina kufuli. Liweke juu ya vipande viwili vya mbao, lisiguse saruji likashika kutu. Ila vyeti vya kuzaliwa na hati za shamba nisingeweka chini kabisa. Wanaokaa sehemu za chini, kama Dunga, wanakumbuka ziwa lilivyopanda mwaka 2020. Karatasi hizo zikae kwenye mfuko usiopitisha maji, kwenye rafu ya juu, mahali ambapo mtu wa pili nyumbani anapajua.

Gunia la mahindi kutoka nyumbani lipate kona kavu yenye hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kulihifadhi, tia konzi ya mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache yatulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Yarudishe juani, kwa sababu mahindi yenye unyevu huota kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Kuna mambo mawili sikubali kuyalegeza. Mtungi wa gesi usifichwe kwenye kona iliyofungika, wala chini ya kitanda, wala chini ya ngazi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni ikingoja cheche. Mtungi usimame wima karibu na mlango au dirisha, hata kama unaharibu sura ya jiko. La pili ni maji: jerikeni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20, kwa hiyo haipandi kwenye rafu yoyote, hasa penye watoto.

Na kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Wengi hukubali ukiahidi kuziba matundu kwa saruji nyeupe siku ya kutoka. Akikataa, mwambie fundi akutengenezee rafu ileile ya pembe yenye miguu mitatu isimame yenyewe. Gharama hupanda kidogo, lakini utahama nayo.