Ghuba ya Boothia: wachunguzi walifika zamani, barafu ndiyo haitoki

Wakuu, mleta uzi kauliza hivi: ukifungua ramani ya kaskazini mwa Kanada kuna ghuba kubwa kati ya Rasi ya Boothia na kisiwa cha Baffin, mbona haina bandari wala mji wa maana, na mbona meli zinazopita Njia ya Kaskazini-Magharibi, ile njia ya bahari inayokatiza juu ya Kanada toka Atlantiki hadi Pasifiki, hazishuki mle ndani? Mdau mmoja hapo juu kamjibu kwamba eneo hilo bado halijachunguzwa. Hapana mkuu. Wazungu wanaichungulia ghuba ile tangu miaka ya 1820, na wenyeji walikuwa wanaijua kona kwa kona kabla yao. Tatizo lenyewe ni umbo lake na barafu yake.

Mimi ni mtoto wa Tanga, fundi wa mitambo ya kupasha joto majengo, Kanada nimekaa miaka mingi. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilikuwa inapata tenda za matengenezo huko Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada lenye ghuba hii, na ndivyo nilivyofika Kugaaruk, kijiji cha watu kama 1,000, pekee kilichopo kwenye maji ya ghuba hii. Taloyoak nako nimefanya kazi, ila iko ng'ambo ya magharibi ya rasi, haihesabiki.

Tuanze na umbo. Kaskazini kabisa kuna mdomo mpana, Prince Regent Inlet, unaofunguka kwenye Lancaster Sound, mlango wa mashariki wa Njia ya Kaskazini-Magharibi. Ukishuka unaingia ghuba yenyewe, halafu chini kabisa inafia Committee Bay. Toka juu mpaka chini ni zaidi ya kilomita 700. Ubavuni kuna matundu mawili tu: Mlangobahari wa Bellot upande wa magharibi, wenye urefu wa kama kilomita 25 na upana wa kama kilomita 2, na Mlangobahari wa Fury na Hecla upande wa mashariki, unaotokea Foxe Basin, bahari ya upande wa pili. Sasa ile barafu kongwe, iliyokaa miaka kadhaa bila kuyeyuka, inaletwa na upepo na mikondo toka kaskazini, inaingia pale juu kwenye mdomo, inasukumwa kusini, inaenda kujibana Committee Bay. Aliyewahi kuvua kwa dema, ule mtego ambao samaki akiingia hatoki, kaelewa tayari. Maji yanapata njia ya kwenda mashariki kupitia Fury na Hecla, lakini kule ni kwembamba na kuna visiwa, mapande makubwa hayapiti. Mwaka mzuri ghuba inafunguka kwa wiki chache kuelekea mwezi wa tisa. Mwaka mbaya baridi mpya inaanza na barafu ya zamani bado iko palepale.

Ukishika hilo, historia yote inaeleweka bila shida.

William Edward Parry, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alikuja 1821 na meli mbili, Fury na Hecla, akitokea mashariki. Walipokwama kwa baridi, mama mmoja wa Kiinuit, yaani wenyeji wa huko, aitwaye Iligliuk akawachorea pwani iliyo mbele yao, na kwenye mchoro wake kulikuwa na mlango wa kutokea magharibi. Walipoenda 1822 wakaukuta kama alivyochora, umezibwa na barafu. Wakasubiri baridi nyingine Igloolik, wakajaribu tena, umezibwa. Mlango ukapewa majina ya meli zilizoshindwa kuupita. Aliyeuonesha hakupewa hata jiwe. Parry akarudi 1824 kwa njia ya kaskazini, kupitia Prince Regent Inlet, na 1825 barafu ikaibana Fury mpaka pwani ya kisiwa cha Somerset. Wakaitelekeza, na shehena ya vyakula vya makopo wakaiacha ufukweni. Kumbukeni hayo makopo.

Anayefuata ni John Ross, naye nahodha wa Uingereza, na hapa nitakaa kidogo. Huyu mzee 1818 alikuwa amejiaibisha: aliingia Lancaster Sound, akadai ameona milima imeziba mbele, akageuza meli. Milima haikuwepo. Miaka kumi baadaye serikali haikutaka kumsikia, akaenda kwa Felix Booth, tajiri wa London aliyetengeneza utajiri wake kwa pombe ya jin. Booth akatoa pesa, Ross akatoa majina: Rasi ya Boothia, Ghuba ya Boothia, Felix Harbour. Ni kama Booth aliuziwa bahari, na mwenyewe hakuikanyaga.

Meli yao, Victory, ilikuwa na injini ya mvuke, mambo mapya kabisa kwa safari za barafu. Boila likavuja karibu safari nzima. Kama fundi wa boila nawaonea huruma: kutafuta uvujaji kwenye chumba chenye joto na nje kumeganda ni adhabu. Walipofika Felix Harbour mwaka 1829 waliing'oa injini yote wakaitupa ufukweni. Ross hakukosea kuitupa.

Januari 1830 Wanetsilik, Wainuit wa upande ule, wakatokea melini. Mmoja wao, Tulluahiu, alikuwa amepoteza mguu, na seremala wa meli akamchongea wa mti. Urafiki ukaanzia hapo. Kisha mwingine, Ikmallik, akakaa kwenye chumba cha nahodha akaichora pwani ya kusini ya ghuba. Ujumbe wa mchoro ulikuwa wazi: huko chini hakuna pa kutokea magharibi, nchi kavu imezunguka yote. Yaani miaka 17 kabla Mzungu yeyote hajaithibitisha kwa miguu, jibu lilikuwa mezani. Cha kusikitisha, wakati wa kushuka na Victory, Ross alikuwa ameshapita mdomo wa Mlangobahari wa Bellot. Aliona ghuba ndogo, akaiita Brentford Bay, akaendelea. Mlango wenyewe ulikuja kutambuliwa 1852 na William Kennedy na Mfaransa Joseph René Bellot.

Kiangazi cha 1830 kilipofika, Victory ikasogea kilomita chache, ikaganda tena. 1831 hivyohivyo. Katikati ya hayo mpwa wake, James Clark Ross, akavuka rasi kwa sleji, na tarehe 1 Juni 1831 akaifikia ncha ya kaskazini ya sumaku kwenye pwani ya magharibi ya Boothia. Msiitafute hapo leo, ncha hiyo inahama, imeshakatiza Bahari ya Aktiki kuelekea upande wa Urusi. Ila dira bado haiaminiki kule, na marubani wa kaskazini mwa Kanada wanatumia kaskazini ya kweli, si ya sumaku.

Mwaka 1832 wakaiacha meli. Wakaburuta mizigo kwa miguu kaskazini hadi kwenye yale makopo ya Fury, wakajenga kibanda, wakala baridi ya nne pale. Kiangazi cha 1833 wakatoka kwa mashua na tarehe 26 Agosti wakaokotwa na meli ya kuvua nyangumi, Isabella. Ndiyo meli ileile ambayo Ross aliiongoza 1818! Mabaharia wake wakamwambia kwamba nahodha Ross alishakufa miaka miwili iliyopita, ikabidi awashawishi kwamba ni yeye.

Miaka minne kwenye barafu na walikufa wachache tu. Hapo ndipo namheshimu. Alitazama wenyeji wanakula nini, samaki na sili wenye mafuta, akaelewa kwamba ndicho kinachozuia kiseyeye. Maofisa wengi baada yake hawakutaka kujifunza hilo.

John Rae, daktari wa Kampuni ya Hudson's Bay, wafanyabiashara wa ngozi za manyoya, alijifunza. Alitembea toka Repulse Bay, akavuka shingo ya nchi mpaka Committee Bay, na 1847 akathibitisha kwamba ghuba imefungwa kusini, kama Ikmallik alivyochora. Akarudi tena 1854, na karibu na Pelly Bay, pale Kugaaruk ilipo sasa, Wainuit wakamsimulia habari za wazungu waliokufa kwa njaa huko magharibi na kufikia kulana. Ndio walikuwa watu wa John Franklin, nahodha wa Uingereza aliyepotea na meli zake akitafuta Njia ya Kaskazini-Magharibi, waliokuwa wakitafutwa na nusu ya dunia. London ikakasirika, mwandishi wa riwaya Charles Dickens akawashambulia wenyeji kwa maandishi kana kwamba ushahidi wao ni uzushi. Mifupa iliyochunguzwa baadaye ilikuwa na alama za visu.

Na msidhani biashara haikujaribu. Mwaka 1937 Kampuni ya Hudson's Bay ilifungua kituo Fort Ross, kwenye mdomo wa mashariki wa Bellot, ili meli toka mashariki na toka magharibi zikutane hapo. Zilikutana kweli mwaka huo. Halafu 1942 na 1943 meli ya mahitaji ikashindwa kufika kwa barafu, na meneja na mkewe ikabidi waje kutolewa kwa ndege. 1948 kituo kikafungwa. Familia za Kiinuit zilizokuwa zimehamishwa toka mbali kuja pale zikahamishwa tena, nyingi zikaishia Taloyoak.

Kwa wanaouliza maisha ya leo. Kugaaruk nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ardhi chini imeganda daima, ukiipasha joto nyumba inazama. Maji safi yanaletwa na lori mpaka kwenye tangi la nyumba yako, maji taka yanafyonzwa na lori jingine. Desemba jua halichomozi. Januari 1975 walipimwa nyuzi -51 na upepo wa kilomita 56 kwa saa, na hiyo bado inatajwa kama rekodi ya ubaridi wa upepo Kanada. Boila ikizima usiku kama huo, fundi hapigiwi simu mara mbili.

Nilitoka na mzee mmoja mwindaji kwenda kuvua samaki ziwani, yeye mbele kwa pikipiki ya theluji, mimi juu ya sleji nyuma. Nikiwa fundi nikaanza kukagua: mbao mbili ndefu za kutelezea, na vipande vya kukatiza juu yake, vyote vimefungwa kwa kamba. Hakuna msumari hata mmoja. Nikamwuliza. Hakujibu, aliweka mguu kwenye pembe moja ya sleji akaikandamiza, yote ikajipinda kisha ikarudi. Tulipofika kwenye matuta ya barafu iliyobanana nikaelewa: ya misumari ingepasuka tuta la tatu. Akanieleza kwamba zamani mbao zilikosekana kabisa, wakawa wanaviringisha samaki wabichi ndani ya ngozi iliyoloa, wanaacha igande, ndiyo inakuwa mti wa sleji. Majira ya joto yakianza samaki wanaliwa. Meli ya Ross iliyoachwa ikawa neema, chuma na mbao zake zilitumika vizazi na vizazi.

Ukitaka kufika, ni ndege toka Yellowknife, inatua tua njiani. Chukua siku za akiba, ukungu na upepo vinaahirisha safari hovyo. Hoteli ya ushirika ina vyumba vichache na unaweza kuwekwa na fundi usiyemjua. Usibebe pombe, kijiji kimeipiga marufuku, na ndiyo kijiji pekee kwenye ghuba yenye jina la mwuza jin.

Kuhusu swali la mdau wa mwisho, kwa nini bei za dukani ni kubwa vile: mzigo mzito unakuja kwa meli mara moja kwa mwaka, mwezi wa tisa hivi, na kwa miaka mingi kipande cha mwisho kilibebwa na meli ya kuvunja barafu ya Walinzi wa Pwani, maana meli za kawaida zilikuwa hazithubutu kuingia. Kinachobaki kinakuja kwa ndege. Mimi vipuri vya boila nilikuwa naagiza mwezi wa tano.