JOIN au mkato kwenye FROM: kasi hubadilika wapi hasa

Mkuu, umeuliza kama, kwenye hoja (query) za SQL, kuacha majedwali yaliyotenganishwa kwa mkato, masharti yakikaa WHERE, na kuhamia JOIN ... ON kutaongeza kasi. Kwa muungano wa ndani (unaobakiza mistari inayolingana pande zote tu) wa majedwali mawili matatu, hapana. Tanguliza EXPLAIN (amri inayoonyesha mpango wa kutekeleza hoja) kwenye hoja zote mbili na utapata mpango uleule, maana kipangaji (sehemu ya hifadhidata inayochagua njia ya kutekeleza hoja) huyavunja maandishi yako kuwa orodha ya majedwali na masharti, kisha hujichagulia aanzie wapi.

Mambo hubadilika hoja ikinenepa. PostgreSQL ina `join_collapse_limit`, kikomo cha majedwali ya JOIN ambayo kipangaji huyapanga upya kwa pamoja; kwa kawaida ni 8. Ukiandika JOIN za mfululizo kwa majedwali 11, manane ya kwanza huwa kundi moja, na matatu yaliyobaki hayawezi kupenya ndani yake. Sasa kama jedwali lenye mchujo mkali kuliko yote umeliandika la 10, yale manane yataunganishwa kwanza kwa mistari mingi ya bure. Lisogeze juu, au pandisha kikomo kwa SET ndani ya kikao chako tu, kisha pima kwa EXPLAIN ANALYZE (inayoendesha hoja kweli na kupima muda). Usisahau kutazama Planning Time (muda wa kupanga), kwa sababu mipangilio ya kukaguliwa huongezeka kwa kasi kubwa. Orodha ya mkato haibanwi na kikomo hiki, ndiyo maana wengine hudhani mkato una kasi zaidi.

Penye hatari kubwa ni LEFT JOIN, inayobakiza mistari yote ya jedwali la kushoto:

`FROM oda o LEFT JOIN malipo m ON m.oda_id = o.id WHERE m.hali = 'tayari'`

Oda isiyo na malipo hupewa NULL (hakuna thamani) kwenye safu za malipo, na WHERE huitupa. Kipangaji hulitambua hilo na kuigeuza kuwa muungano wa ndani. Kasi utaipata, ila majibu si uliyokusudia. Ukitaka oda zote zibaki, sharti la `m.hali` lihamie ON. Na usiweke LEFT JOIN kwa mazoea: pale ambapo mistari ya pande zote lazima ilingane, inamnyima kipangaji uhuru wa kuanzia upande wa kulia.

Hata hivyo napendekeza JOIN ... ON. Ukisahau sharti kwenye orodha ya mkato, mistari 10,000 ikikutana na 5,000 inazaa milioni 50 kimyakimya. Ukisahau ON kwenye JOIN, PostgreSQL inakataa hoja palepale.

Kwa MySQL, usichanganye mitindo. Tangu 5.0.12 JOIN hutangulia mkato, hivyo `FROM a, b JOIN c ON c.a_id = a.id` huleta kosa 1054 (safu haijulikani), kwa kuwa b na c huunganishwa kwanza bila a. Badilisha mkato kuwa JOIN.